Kinga Isiyojaribiwa

Katika kila kiwanda kuna mitambo ya kufanya kazi na mitambo ya kungoja. Mkanda wa kusafirishia mzigo ukikatika, habari zinaenea papo hapo, maana kazi inasimama. Lakini vali ya usalama ya boila, king'ora cha gesi, swichi ya kufunga bomba tangi linapojaa, au pampu ya zimamoto, vyote hivi vinaweza kuharibika mwezi Januari visijulikane mpaka Oktoba. Vilipokuwa vizima havikuwa vikifanya lolote, na sasa vikiwa vibovu havifanyi lolote pia. Wahandisi huuita ubovu wa namna hii hitilafu iliyojificha, na dawa yake ni moja tu: jaribio la uthibitisho, yaani kukiamsha kifaa kwa makusudi kabla hatari haijakiamsha. Kati ya jaribio na jaribio watu wanaishi kwa imani. Swali ni imani hiyo ina haki ya kudumu muda gani, na ikija kuwasaliti, lawama inamwendea nani.

Tuchukue mfano wa Mkoa wa Simiyu, ambao ni nchi ya pamba. Kuanzia Kiloleli katika Wilaya ya Busega, upande wa Ziwa Victoria, mpaka Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, mkulima anauza pamba yake kupitia chama cha msingi, nayo inapelekwa kiwandani kuchambuliwa, nyuzi zitengwe na mbegu. Adui mkubwa wa kiwanda cha namna hiyo ni moto. Jiwe dogo au kipande cha waya kilichoingia pamoja na pamba kikigonga chuma cha mashine kinatoa cheche, na cheche ikisafiri na nyuzi hadi kwenye shinikizo inafungiwa ndani ya robota. Humo haiwaki, inafukuta. Robota linaweza kukaa ghalani siku kadhaa likiwa na moto tumboni huku nje ni jeupe na baridi, kisha likaripuka kwa miali usiku ambao hakuna anayefanya kazi. Ndiyo maana kiwandani kuna matangi ya maji, mipira, ndoo za mchanga na pampu ya dizeli iliyojengewa kibanda chake.

Pampu hiyo ndiyo mfano wa kufaa kuliko yote. Kiwanda hufanya kazi miezi michache baada ya mavuno, kisha hufungwa. Katika miezi ya ukimya betri inapungua nguvu, panya wanakata nyaya, maji yanaingia kwenye dizeli, na nyigu wanajenga nyumba ya udongo kwenye mdomo wa bomba. Vali iliyofungwa wakati wa kurekebisha mpira inaweza kubaki imefungwa, na hakuna atakayeiona kwa sababu gurudumu lake ni lile lile, limefungwa au limefunguliwa. Fundi anayeijaribu kwa dhati haridhiki na kusikia injini ikinguruma. Anafungua bomba la mwisho kabisa, lile lililo mbali na pampu, anangoja maji yafike, anatazama geji ya mgandamizo, na anaiacha injini iendelee mpaka ipate joto la kazi. Pampu inaweza kuwaka vizuri na kuzimika dakika chache baadaye.

Hesabu ya jambo hili ni nyepesi kuliko sifa yake. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba pampu ina nafasi moja katika kumi ya kupata hitilafu iliyojificha ndani ya mwaka. Ikijaribiwa mara moja kwa mwaka, hitilafu inaweza kutokea siku yoyote kati ya majaribio mawili. Kwa wastani itakuwa imejificha nusu ya muda huo. Basi uwezekano wa kuikuta mbovu siku ya moto ni nusu ya moja katika kumi, yaani takriban mara moja katika ishirini. Ikijaribiwa kila mwezi, unashuka hadi mara moja katika mia mbili na arobaini. Ikiachwa miaka minne, unapanda karibu na mara moja katika sita. Kwa ufupi, wahandisi huzidisha kasi ya kuharibika kwa muda wa kati ya majaribio, kisha hugawa kwa mbili, na kanuni hiyo inatosha maadamu jibu ni dogo. Viwango vya kimataifa vya IEC 61508 na IEC 61511 vimejengwa juu ya wazo hilo hilo. Vinapanga mifumo ya usalama katika madaraja manne: daraja la kwanza linaruhusiwa kushindwa kati ya mara moja katika kumi na mara moja katika mia linapohitajika, la pili kati ya mia na elfu, la tatu kati ya elfu na elfu kumi, na la nne, ambalo ni nadra mno, chini ya hapo.

Hapo ndipo falsafa inapoanza. Leo saa nne asubuhi pampu iliyo kibandani ama ni nzima ama ni mbovu. Haiwezi kuwa mbovu kwa asilimia tano. Hiyo asilimia tano basi iko wapi? Haimo ndani ya chuma. Imo katika elimu ya wanaoitegemea, na elimu hiyo inachakaa kila siku inayopita bila jaribio. Ushahidi ni kinachotokea siku ya jaribio lenyewe: fundi akiikuta pampu nzima, hakuna alichokibadilisha ndani yake, hata nati moja, hata hivyo uwezekano wa kushindwa, uliokuwa umekaribia moja katika kumi, unaporomoka hadi karibu na sifuri. Kilichotengenezwa siku hiyo ni ujuzi wa watu. Wengi hudhani jaribio lililokuta kila kitu kizima ni mafuta yaliyochomwa bure. Ni kinyume chake: hilo ndilo lililozaa kitu ambacho hakikuwapo jana, yaani sababu ya kuamini.

Kwa kuwa ni elimu inayochakaa, wakati wa kuipata una uzito wake. Tuseme kiwanda cha pamba hufanya kazi miezi minne na kufungwa miezi minane, na pampu ile ile hujaribiwa mara moja tu kwa mwaka. Ikijaribiwa mkesha wa msimu, uwezekano wa kuikuta mbovu ndani ya msimu ni kama mara moja katika sitini. Ikijaribiwa msimu unapofungwa, wakati mafundi wana nafasi na hakuna haraka, basi moto wa msimu ujao unakutana na ujuzi wa miezi minane hadi kumi na miwili, na uwezekano ni mara moja katika kumi na mbili. Pampu ni moja, gharama ni moja, karatasi iliyowekwa kwenye faili ni moja, na tofauti ni mara tano. Mkaguzi anayeuliza tu kama jaribio la mwaka limefanyika hataiona tofauti hiyo.

Swali la pili, lile la lawama, ni la zamani kuliko viwanda. Mwanaanthropolojia Mwingereza E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake juu ya Wazande kilichotoka mwaka 1937, alieleza habari ya ghala la nafaka linaloanguka. Wazande, ambao nchi yao iko kwenye mipaka ya Sudan Kusini, Kongo na Afrika ya Kati, hujenga ghala juu ya nguzo, na watu hukaa chini yake kukwepa jua la mchana. Mchwa wanakula nguzo polepole. Siku moja ghala linaanguka na kuwaumiza waliokaa chini. Mzande anajua fika kwamba ni mchwa, na anajua pia kwamba watu walikwenda pale kutafuta kivuli. Anachouliza ni kingine: kwa nini ghala lianguke saa ile ile ambayo watu wale walikuwa chini yake? Kwa jibu la swali hilo anakwenda kwenye uchawi.

Usomi wa haraka husema Mzande amekosa tu wazo la bahati. Mhandisi wa usalama hana haraka hiyo, kwa sababu swali la Mzande ndilo swali lake yeye. Katika hesabu yake kuna mistari miwili: mara ngapi hatari inakuja, na kinga iko katika hali gani inapokuja. Moto mkubwa ukija mara moja katika miaka mitano, na pampu ikawa mbovu mara moja katika ishirini, mistari hiyo miwili itakutana mara moja katika miaka mia moja. Pampu ikijaribiwa kila miaka minne, itakutana mara moja katika miaka ipatayo thelathini, yaani ndani ya utumishi wa mfanyakazi mmoja. Saa ya kukutana haijulikani na haitajulikana. Lakini ni mara ngapi itakutana ni jambo lililoamuliwa na mtu, kwa kalamu, siku alipopanga ratiba ya majaribio. Kwa hiyo anayeuliza "nani?" hajakosea kuuliza. Anakosea mahali pa kutafuta. Usukumani kosa hilo limetoza gharama mbaya sana: wanawake wazee wa Shinyanga, Mwanza na Simiyu wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa ushahidi wa macho mekundu yaliyochomwa na moshi wa jikoni, ilhali nguzo iliyoliwa ilikuwa na mwenyewe.

Jibu jingine linalosikika msibani ni kwamba ajali haina kinga, na kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Maneno hayo yana mahali pake. Mfiwa hahitaji kanuni ya uwezekano, na anayemfariji kwa kumtajia kudra ya Mungu hafanyi hila. Tatizo linaanza maneno yale yale yanapotoka makaburini na kuingia kwenye ripoti. Mei 23, 2024, bomba la mvuke lilipopasuka katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa, mkoani Morogoro, watu kumi na mmoja walifariki. Mbele ya msiba kama huo mtu anaweza kusema ni mapenzi ya Mungu na papo hapo akauliza bomba lilikaguliwa lini, na sentensi ya kwanza haizibi mdomo wa ile ya pili.

Dini zenyewe hazikuwahi kufundisha kwamba sentensi hizo mbili zinagongana. Katika Uislamu, hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inamhusu mtu aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mwenyezi Mungu; akaelekezwa afunge kwanza, kisha ategemee. Kali zaidi ni habari ya Khalifa Umar. Tauni ilipoingia Sham alikataa kuingia na watu wake, na Abu Ubaida akamuuliza kama anakimbia kadari ya Mungu. Jibu lake ni kwamba anaikimbia kadari na kuiendea kadari nyingine, naye akatoa mfano wa mchungaji mwenye bonde lenye pande mbili, mmoja mkame na mwingine wenye majani: popote atakapolisha ngamia wake, amelisha kwa kadari ya Mungu. Kwa mantiki hiyo, jaribio la pampu nalo limo ndani ya kadari, na kutojaribu kumo pia. Kadari haimpunguzii mtu hata siku moja ya ratiba yake.

Torati inakwenda mbali zaidi kwenye suala la hatia. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inaagiza kwamba ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kwenye dari, ili damu ya atakayeanguka isiwe juu ya nyumba yake. Hapo hatia inahesabiwa kabla hajaanguka mtu. Kutoka, sura ya 21, ina sheria ya ng'ombe mwenye pembe. Ng'ombe akiua mtu, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alizoea kupiga kwa pembe, na mwenyewe alionywa lakini hakumfunga, basi mwenyewe naye anastahili kufa. Kwa wafugaji wa Usukuma sheria hiyo haihitaji mhubiri wa kuifafanua. Uzito wake uko kwenye ujuzi: aliyeonywa hayuko sawa na asiyejua.

Lakini sheria hiyo inaacha mlango mmoja wazi, na mlango huo ndio viwanda vingi hupitia. Kama hatia inatokana na kujua, mwenye kiwanda anaweza kuamua kutojua. Asipojaribu, hapati taarifa mbaya. Asipopata taarifa mbaya, hakuonywa. Mwaka 1877 mwanahisabati na mwanafalsafa Mwingereza William Kingdon Clifford aliuziba mlango huo katika insha yake juu ya maadili ya kuamini. Alimchora mwenye meli kuukuu aliyekuwa na shaka kama inafaa kusafiri. Ukarabati ulikuwa wa gharama. Akajikumbusha safari nyingi ambazo meli hiyo ilirudi salama, akazinyamazisha shaka zake, akaiaga kwa moyo mweupe, na ilipozama na abiria wake akalipwa bima. Clifford anakubali kwamba mtu huyo aliamini kwa dhati. Hukumu yake ni kwamba hakuwa na haki ya kuamini, kwa sababu imani yake haikutokana na uchunguzi bali na kuzima maswali. Anaongeza kwamba hata meli ingefika salama hatia ingekuwa ile ile, ila tu isingegundulika. Clifford hakuwa akibuni bahari asiyoijua: mwenyewe aliwahi kunusurika meli ilipovunjika karibu na Sisilia mwaka 1870. Wakazi wa kando ya Ziwa Victoria nao hawahitaji kubuni. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza Mei 21, 1996, ikiwa imepakia watu kupita uwezo wake, na mamia walikufa. Ilikuwa imefika salama mara nyingi kabla ya hapo.

Hoja ya safari zilizofika salama ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa kuwa inafanana na ushahidi. Pampu isiyohitajika kwa miaka kumi haijathibitisha chochote kuhusu pampu. Imethibitisha tu kwamba hakukuwa na moto. Meneja anayesema "haijawahi kutuangusha" huku haijawahi kuitwa anahesabu rehema kama sifa ya mtambo.

Hata hivyo, jaribio nalo si ufunuo. Linaona kile tu lilichoundwa kuona. Ikiwa fundi anawasha injini na kuizima bila kufungua maji, huenda anagundua sehemu saba katika kumi za hitilafu zinazowezekana. Zile tatu zilizobaki, kama bomba lililoziba au tangi lenye tope, hazifutwi na jaribio lolote la aina hiyo. Zinalimbikizana mwaka hadi mwaka. Kwa pampu ya mfano uliotangulia, ikiishi miaka kumi kwa majaribio yasiyo kamili ya kila mwaka, wastani wa uwezekano wa kushindwa unafika karibu mara moja katika sita, takriban sawa na pampu iliyojaribiwa kikamilifu kila baada ya miaka minne. Kwenye faili, ile ya kwanza ina karatasi kumi zilizogongwa mihuri. Kununua pampu ya pili kunasaidia, lakini si kwa kiasi ambacho muuzaji anaahidi, ikiwa zote mbili zinanywa tangi moja na zinatunzwa na fundi mmoja mwenye kosa moja. Na jaribio kamili kuliko yote, lile ambalo haliachi hitilafu yoyote bila kuiona, ni moto wenyewe, ambao hakuna anayeuwasha ili apate kujua.

Jaribio pia linaweza kuua kile lilichokuja kukihakikisha. Buncefield, ghala kubwa la mafuta kaskazini ya London, lilikuwa na tangi namba 912 lenye kinga mbili: geji ya kuonyesha kina cha petroli, na swichi ya juu kabisa ya kufunga bomba iwapo geji itakosea. Usiku wa kuamkia Jumapili, Desemba 11, 2005, geji iliganda ikionyesha namba moja huku petroli ikiendelea kupanda. Haikuwa mara ya kwanza: ilikuwa imeganda mara kumi na nne tangu mwishoni mwa Agosti, na kila mara watu waliendelea na kazi. Swichi ndiyo iliyobaki. Ilikuwa ya muundo mpya, yenye mkono wa kuijaribia, na mkono huo baada ya jaribio ulitakiwa kushikiliwa na kufuli katika nafasi yake. Bila kufuli uliweza kushuka na kuiacha swichi haifanyi kazi. Waliokuwa pale walidhani kufuli ni la kuzuia watu wasiichezee, wakaliacha. Tangi lilifurika, mvuke wa petroli ukatambaa ardhini, na muda mfupi baada ya saa kumi na mbili asubuhi ukalipuka. Zaidi ya watu arobaini walijeruhiwa, na kwa kuwa ilikuwa alfajiri ya Jumapili hakufa mtu.

Kesi ilikwisha mwaka 2010. Kampuni zilizoendesha ghala zilitozwa mamilioni ya pauni. Kampuni iliyotengeneza swichi na ile iliyoifunga zilitiwa hatiani pia, na kila moja ikatozwa pauni 1,000, kwa kuwa habari za kazi ya lile kufuli hazikuwafikia waliopaswa kulifunga. Swichi yenyewe haikuwa imeharibika.